Mchanga wa Dakika Tatu

1 Oktoba. Gesi: sifuri.

Daftari hili lilikuwa la marehemu mume wangu Sjoerd. Kurasa tisa za mwanzo ameandika majina ya njiwa wake wa mashindano, zilizobaki ni tupu. Kununua daftari jipya na hili lipo ni dhambi, kwa hiyo naanzia pale njiwa wanapoishia.

Nitaandika kipindi chote cha baridi, hadi mwisho wa Machi, na kila ninapoandika nitataja mita ya gesi imekula mita ngapi za ujazo siku hiyo. Mwaka jana tuliwasha hita kama watu wenye kisima cha mafuta uani, na bili ya nyongeza ilipokuja ilikuwa euro mia sita na arobaini. Niliilipa kwa miezi mitano, na mshahara wangu ni wa asubuhi nne kwa wiki katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee. Ikija nyingine kama ile, kodi itanishinda, nitairudisha nyumba hii na kuomba chumba kimoja. Na chumba kimoja kina kitanda kimoja. Mwanangu Jelmer ana miaka ishirini na tisa, binti yangu Wietske ishirini na sita, wote wawili wako hapa, maana kupata nyumba ya kupanga hapa mjini Drachten siku hizi ni kungoja kwenye orodha mpaka mvi zikuote. Wataenda wapi? Wakinicheka, wacheke. Nabana ili wakae.

Nimebandika sheria tatu kwenye friji. Joto la sebuleni lisizidi nyuzi kumi na saba. Kuoga ni dakika tano kwa saa ya mchanga iliyo bafuni. Kila tarehe mosi, mtu mzima atoe euro mia mbili, pesa ya chakula. Jelmer alizisoma amesimama, mkate mdomoni.

"Mama, hata jela wana nyuzi ishirini."

Lakini pesa yake alitoa, noti nne za hamsini. Wietske naye alitoa.

4 Oktoba. Gesi: 1.

Mvua kutwa. Kila mtu chumbani kwake.

9 Oktoba. Gesi: 2.

Tumekula viazi vya kupondwa na sukumawiki, na soseji moja iliyokatwa mara tatu. Wietske alikuwa na vile vidude vya muziki masikioni, Jelmer alitazama sahani. Nikasema sukumawiki imepanda bei. Tulikuwa watatu mezani na mimi nikawa nazungumza na sufuria.

Sjoerd alikuwa akisema nyumba yenye watoto haina upweke. Alikufa wakiwa bado wanaongea.

17 Oktoba. Gesi: 2.

Jambo la kufurahisha. Ovaroli za Jelmer za kiwandani zimerudi safi wiki nzima. Kwa kawaida zinanuka gundi, na vumbi la mbao limejaa mifukoni, maana wanatengeneza fremu za madirisha. Nimemsifu kwamba hatimaye amekuwa mwangalifu. Alisema, "Eeh," akapanda ngazi. Nimefua mara moja badala ya mara mbili, nimeokoa sabuni, maji na umeme. Haba na haba hujaza kibaba.

26 Oktoba. Gesi: 4.

Saa zimerudishwa nyuma, giza linaingia mapema. Leo nimesimama kwenye korido na saa ya mkononi. Jelmer ameoga dakika kumi na moja. Ule mchanga anauona lakini anaupita kama mtu anayempita mdai wake barabarani.

1 Novemba. Gesi: 4.

Wietske ametoa mia mbili. Jelmer ametoa hamsini, akasema iliyobaki nitaipata. Sikumwuliza kitu. Kwetu hatuombani pesa kwa mdomo, mtu anaweza kufa kwa aibu, yeye na mwombaji wake pia.

Lakini nimeandika hapa: mia moja na hamsini.

12 Novemba. Gesi: 6.

Umande umeganda kwenye vioo. Kuoga: dakika kumi na mbili. Anatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kopo lake la mkate, jibini vipande viwili, anarudi saa kumi na moja jioni na kwenda bafuni moja kwa moja, hata koti anavulia humo. Leo nimeiona mikono yake, myekundu kama mikono yangu ya kufulia. Nikamwuliza kama kiwandani kwao hakuna hita.

"Wanabana," alisema. "Kama wewe."

Alicheka kidogo, nami nikacheka. Ilikuwa muda mrefu hatujacheka pamoja, nikakaa na furaha hiyo mpaka nilipokwenda kusoma mita.

15 Novemba. Gesi: 6.

Dada yangu Aukje amekuja kunywa kahawa. Nilifungua kopo la biskuti, akachukua moja, nikafunga. Tukapiga kura za majina kwa ajili ya jioni ya Mtakatifu Nikolaasi: mimi, Aukje na watoto. Kila mtu humwandalia shairi na zawadi yule aliyechomoa jina lake, na mimi nimechomoa la Jelmer. Aukje akasema niandike shairi lenye pilipili, kwamba Mtakatifu anaona yote na hakuna anayeruhusiwa kununa.

Ni kweli. Mwaka mzima tunanyamaza, halafu tarehe tano Desemba tunaambiana ukweli kwa vina, kwa jina la mzee mwenye ndevu, na aliyeandikiwa ndiye anayesoma kwa sauti mbele ya wote. Baba yangu alijua kwa shairi kwamba mama amechoka na sigara zake. Aliacha kesho yake.

21 Novemba. Gesi: 7.

Dakika kumi na tatu.

28 Novemba. Gesi: 7.

Nimenunua zawadi ya Jelmer, saa nyingine ya mchanga, hii ni ya dakika tatu. Euro mbili na nusu. Nimecheka peke yangu dukani. Nimenunua na herufi za chokoleti, J na W, zilizopunguzwa bei kwa kuwa maboksi yamebonyea.

1 Desemba. Gesi: 8.

Wietske ametoa. Jelmer hakutoa. Nikaketi na penseli kuandika shairi. Limetoka upesi.

5 Desemba. Gesi: 9.

Naandika baada ya chakula cha jioni, Aukje amekwishaondoka.

Tulianza vizuri. Niliruhusu nyuzi kumi na tisa kwa heshima ya mgeni. Aukje aliandikiwa na Wietske kuhusu anavyoendesha gari, akasoma huku machozi ya kicheko yakimtoka. Mimi niliandikiwa na Aukje kuhusu kopo la biskuti lenye kufuli, nikasoma, nikachekwa, sikununa. Zamu ya Jelmer ikafika. Alifungua kifurushi, akaishika ile saa ya mchanga, akaigeuza. Wietske akacheka. Kisha Jelmer akasoma kwa sauti, kama ilivyo desturi:

Kijana wetu Jelmeri,
aoga kama tajiri,
mchanga wamsubiri,
naye hajatoka bado.

Gesi yetu yateketa,
mama mezani ateta,
pesa ya mkate leta,
au ukapange kando.

Ubeti wa kwanza aliusoma kwa madaha. Wa pili sauti ilishuka, na mstari wa mwisho aliusoma taratibu, kila neno peke yake. Aukje alikwishaanza kupiga makofi, akaacha katikati.

"Asante, Mtakatifu," alisema Jelmer, maana ndivyo inavyosemwa. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Alikaa nasi nusu saa nzima, akaonja kila kitu kilichopitishwa, akamsaidia Aukje kuvaa koti. Kama angepiga meza ningejua la kufanya.

Ule mstari wa mwisho niliuweka kwa ajili ya kina. Nilitafuta neno la kumalizia na "kando" likaja lenyewe. Sikutaka apange popote.

6 Desemba. Gesi: 5.

Niandike polepole, nisije nikaruka kitu.

Nilishuka asubuhi kumtengenezea mkate wake. Ni Jumamosi, lakini tangu Oktoba alikuwa akitoka hata Jumamosi, akisema ni zamu ya ziada. Alikuwa amekaa jikoni, begi la Sjoerd la safari liko mlangoni. Akaniambia nisikate mkate.

"Sina kazi, Mama. Tangu tarehe sita mwezi wa kumi."

Aligombana na msimamizi, akavua glavu, akaondoka. Aliyeacha kazi mwenyewe hapewi posho ya serikali, na akaona aibu. Hamsini ile ya Novemba ilikuwa ya mwisho. Nikamwuliza, basi kila siku na kopo la mkate alikuwa akienda wapi.

"Maktaba. Inafunguliwa saa nne."

"Na kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa nne?"

"Kituo cha basi cha kando ya mfereji. Kina ukuta pande tatu."

Muda wa saa tatu na nusu, kila asubuhi, wiki tisa. Jumapili peke yake alilala. Na maktaba ikifungwa mapema, alirudi kituoni mpaka saa ya watu kutoka kazini. Kisha alikuja nyumbani na kusimama chini ya maji ya moto mpaka asikie vidole vyake tena, na mimi koridoni na saa mkononi.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Hakupandisha sauti.

"Ungefungua daftari kabla hujanitazama."

Nilitaka kusema si kweli. Daftari lilikuwa mezani, chini ya kiwiko changu.

Amekwenda upande wa Ossenzijl, kwa mzee mmoja anayekata matete ya kuezekea wakati wa baridi. Atalala kwenye karavani ya mzee huyo. Nilimwambia ule mstari ulikuwa wa kina tu. Akasema anajua. Akanibusu shavuni mara tatu, vizuri kabisa, kama ninavyobusiwa na watu wa mbali. Ile J ya chokoleti ameiacha mezani, na saa ya mchanga kaiacha bafuni.

Miaka ishirini na miwili nafua nguo za watu. Nikishika shuka naweza kukuambia nani hakulala, nani hakula. Ovaroli za mwanangu zilikuja safi wiki baada ya wiki, nami nikahesabu sabuni.

7 Desemba. Gesi: 5.

Wietske alikuwa hajui. Alilia, halafu akanikasirikia, akasema, "Shairi gani lile, Mama? Lile lilikuwa notisi." Amekula chumbani.

15 Desemba. Gesi: 4.

Kuoga (mimi na Wietske): ndani ya mchanga.

25 Desemba. Gesi: 5.

Hakuja. Ametuma picha kwenye simu ya Wietske: matete yamesimama manjano mpaka upeo wa macho, na mikono ya mtu imeshika mundu. Ameandika kwamba barafu ni nzuri kwa kazi, matete hukauka, hawawezi kuacha. Niliomba nione picha tena. Wietske akanipa simu, akasema nisibonyeze kitu.

Ile J nimeiweka juu ya kabati la vikombe.

1 Januari. Gesi: 4.

Wietske ametoa mia mbili. Nimezipokea.

17 Januari. Gesi: 7.

Jumamosi, si siku yangu ya kazi. Niliamka saa kumi na moja na nusu, nikakata mkate, jibini vipande viwili, nikaufunga kwenye kopo la Jelmer. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimekaa kwenye kituo cha basi cha mfereji. Sikwenda kujiadhibu, mimi si mtu wa kanisa la namna hiyo. Nilitaka kujua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Benchi ni la chuma lenye matundu. Nusu saa ya kwanza si kitu. Saa ya pili baridi inaacha ngozi na kuingia kwenye mapaja. Niliumaliza mkate kabla ya saa mbili, kwa kuwa kutafuna ni kazi ya kufanya. Mabasi yalisimama, madereva wakanitazama, nikawapungia waende. Dereva mmoja alifungua mlango, akaniuliza kama niko salama, bibi. Nikamwambia namngoja mtu. Nadhani Jelmer aliulizwa hivyo pia. Au labda mwanamume wa miaka ishirini na tisa haulizwi.

Nilimpigia hesabu, siwezi kuacha tabia hii. Siku sita kwa wiki, wiki tisa. Kila moja ya asubuhi hizo mimi nilikuwa umbali wa kutembea dakika kumi, nimevaa sweta mbili, nikijisifu.

Saa nne kengele ya mnara ilipolia sikuweza kunyoosha magoti. Sikwenda maktaba. Nilikwenda nyumbani, nikapanda ngazi na koti, nikavulia bafuni, nikafungulia maji. Ile saa ya dakika tatu iko kwenye rafu. Niliigeuza kwa mazoea. Ilikwisha, nikaigeuza tena. Ilikwisha, nikaigeuza mara ya tatu, ya nne, na vidole vya miguu vilikuwa bado si vyangu. Hapo nikalia, kwa sauti, maana maji yanafunika.

Mchana nimempelekea kadi ya posta. Nimeandika: "Nimekaa kwenye kile kituo mpaka saa nne. Mama." Sikuona cha kuongeza.

24 Januari. Gesi: 4.

Hakuna jibu.

2 Februari. Gesi: 4.

Hakuna jibu. Wietske anasema kule kwenye matete posta hufika inapotaka.

8 Februari. Gesi: 3.

Wietske anahama. Rafiki yake wa Leeuwarden amepata fleti, kuna chumba. Alinieleza akikunja nguo, huku amenipa mgongo. Nikasema ni vizuri, chumba ni adimu. Akageuka.

"Ndio hivyo tu, Mama? Ni vizuri?"

Nilitaka kusema usiende. Nikasema achukue na godoro, la kwake ni jipya.

15 Februari. Gesi: 2.

Ameondoka. Aukje alileta gari. Baadaye nilizima hita za juu zote mbili, kwa kuwa hakuna wa kupashiwa moto.

16 Februari. Gesi: 1.

17 Februari. Gesi: 1.

3 Machi. Gesi: 1.

Nimepika viazi na sukumawiki vya kutosha watu watatu, kwa mkono wa zamani. Nimevila siku tatu. Sebule ina nyuzi kumi na sita na sina hata wa kugombana naye. Nimegundua kwamba nasema kwa sauti ninapofungua kopo la biskuti: "Moja tu." Halafu nafunga.

11 Machi. Gesi: 1.

Bili ya mwaka imekuja. Hawanidai kitu, wao ndio wananirudishia, euro mia tatu na themanini. Nilisoma mara mbili. Nilikuwa nimejiahidi siku hiyo ikifika nitapiga kelele jikoni. Nilisimama na barua, nikasikiliza friji ikinguruma. Nimeokoa nyumba ya vyumba vitatu, na humo ndani niko mimi na J ya chokoleti. Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu mwingine sina.

21 Machi. Gesi: 1.

Kesho natimiza miaka sitini. Aukje amelazimisha nipange viti kwa duara. Nimepanga vinne, nikatoa kimoja, nikakirudisha.

22 Machi, Jumapili.

Wietske alikuja na Aukje, keki ya rangi ya chungwa magotini. Walinipongeza, wakapongezana wenyewe kwa wenyewe kama ilivyo desturi, tukaketi duarani kama watu wanaongoja daktari, kiti cha nne kitupu. Saa tisa baiskeli ikaegemezwa kwenye dirisha, na sikuhitaji kuinuka kutazama, kwa kuwa ndivyo Jelmer anavyoegemeza tangu ana miaka kumi, nami namgombeza kwa rangi ya dirisha.

Amekonda, mashavu yamechomwa na upepo, mikono imejaa mikato ya matete. Alikuwa ametoka Ossenzijl kwa baiskeli, upepo ukimpiga usoni. Alipongeza watu wote, akakaa, akala keki vipande viwili, na kopo la biskuti nililiacha wazi mezani. Aukje aliliona, akachukua biskuti mbili. Jelmer alisimulia kwamba msimu unaisha wiki ijayo, lakini fundi mmoja wa kuezeka amemchukua, atabaki kule kule. Nilisema chumba chake kipo. "Najua, Mama," alisema.

Wengine walipokuwa wakiosha vyombo alikuja koridoni nilipokuwa.

"Kadi yako ilifika. Nimeibandika kwenye karavani." Akasita. "Sikujua nijibu nini."

"Hata mimi sikujua niandike nini."

Akasugua viganja. Kisha akauliza, kama mgeni anavyouliza, "Naweza kuoga? Kule maji ya moto yanaisha kabla kichwa hakijalowa."

Nilitangulia kumpa taulo. Ile saa ya mchanga ilikuwa rafuni. Niliishika, nikailaza ubavu, mchanga ukagawanyika nusu huku nusu huku na kutulia. Yeye aliiona. Akafunga mlango.

Nilikaa kwenye ngazi. Maji yalianza. Chini Aukje na Wietske walikuwa wanabishana kuhusu vikombe, na mvuke ukatoka chini ya mlango, ukanifika miguuni. Sikuvaa saa. Nilisikiliza maji yakipiga mabega ya mwanangu, kisha yakipiga ukuta, kisha mabega tena. Nilitamani yasikome.

Alitoka mwekundu kama mtoto mchanga, nywele zimesimama. Alinikuta pale pale.

"Mama, umekaa hapo tangu nilipoingia? Nimechukua muda gani?"

"Sikuhesabu," nilisema.

Akaketi kwenye ngazi, kidato cha chini yangu, kwa kuwa wawili hatuenei. Akauliza kama ile J yake bado ipo. Niliileta. Imekuwa na ukungu mweupe kwa kukaa. Nilisema ni mbovu, niitupe. "Nyumba hii hatutupi chakula," alisema, akavunja ndoano ya chini, akanipa, yeye akala iliyobaki. Ilikuwa na ladha ya kabati. Tuliimaliza yote.

Ameondoka saa kumi na mbili, taa ya baiskeli imewashwa, maana giza litamkuta njiani. Nimemfungia mkate, jibini vipande vinne. Viti bado viko duarani, sijavitoa.

Gesi: sijakwenda kuisoma.